Kitufe Nacho ni Sentensi

Wiki ya kwanza ya muhula huwa nawaambia wanafunzi waziache kompyuta za maabara zilivyo, watoe simu. Si kwa ajili ya intaneti. Wapige ile namba ya nyota na reli wanayotumia kutuma hela, kila mtu kwa mtandao wake. Wasiweke namba ya siri, wasitume chochote. Wasome tu, na kila neno linalotokea waliandike kwenye daftari. Darasa hucheka. Wamekuja kusoma kozi yenye jina refu, uandishi wa mtandaoni, blogu na violesura vya kompyuta, yaani yale mtu anayoyaona na kuyagusa kwenye skrini. Wengine bumu lao lote limeishia kwenye kompyuta mpakato, halafu mwalimu anaanza na menyu ambayo bibi zao kule Sengerema wanaijua kwa kichwa.

Nafundisha kwa mkataba wa muda katika chuo kimoja hapa Mwanza. Darasa langu lina makundi mawili ambayo kwa kawaida hayaketi pamoja: wa uandishi wa habari na wa TEHAMA. Wa habari wanaamini kompyuta ni kazi ya fundi. Wa TEHAMA wanaamini maneno ni kitu cha kujazia mwishoni, programu ikishakamilika. Muhula mzima kazi yangu ni kuwaonyesha kwamba wanafanya kazi moja. Anayeandika kichwa cha habari na anayeandika "Endelea" juu ya kitufe wote wanamwambia mgeni jambo lilelile: gusa hapa, hiki ndicho utakachokikuta. Kichwa cha habari kikidanganya, msomaji anaondoka. Kitufe kikidanganya, hela ndiyo inayoondoka.

Ndiyo maana naanza na menyu ya pesa. Ina masharti makali kuliko gazeti lolote. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani wa menyu hizo za nyota na reli, una baiti 160 za biti nanenane, na kwa kuwa herufi za kawaida hutumia biti saba badala ya nane, zinaingia herufi 182, nafasi na nukta zikiwemo. Hautumii bando. Unapita kwenye njia ileile ambayo simu na mnara hupashana habari, na kwa sababu hiyo unafanya kazi hata kwenye kitochi kisichojua intaneti. Ila hausubiri mtu. Ukichelewa kujibu unakatwa, unaanza upya. Basi mwandishi ana herufi 182, msomaji ana muda mfupi, na katikati yao kuna ada ya mtoto.

Nawagawia karatasi za hesabu, zile za miraba. Tunahesabu miraba 182 na kuizungushia kalamu nyekundu. Ndani ya hapo waandike menyu ya kukata tiketi ya boti ya kwenda Nansio. Kila muhula kuna anayeanza hivi: "Karibu mteja wetu mpendwa katika huduma yetu bora ya tiketi". Hesabu mwenyewe, ni miraba 59. Karibu theluthi ya kiwanja imekwisha na abiria hajajua hata boti inaondoka lini. Tunaanza kukata. "Mpendwa" anaondoka kwanza, anafuatwa na "bora", kisha "huduma yetu", maana ni huduma ya nani nyingine? Hapo ndipo mtu wa TEHAMA anapoanza kumsogelea mtu wa habari. Kukata maneno bila kuua maana ni ufundi, na yeye hajawahi kufundishwa.

Halafu tunasoma ukurasa mmoja wa menyu zile kwa makini kuliko mingine yote, ule wa kuthibitisha. Kabla hela haijaondoka, simu inakuonyesha kiasi na jina la anayepokea. Jina, si namba peke yake. Hakuna binadamu anayehakiki tarakimu kumi moja baada ya nyingine akiwa amesimama stendi na begi mabegani, lakini kila mtu analijua jina la dada yake. Ukiona jina la mwanaume wa Kigoma mahali ulipomtarajia dada, kidole kinasimama chenyewe. Wa TEHAMA hukiita hicho kipengele cha usalama. Mimi nawaambia ni uandishi: mtu alikaa akajiuliza ni neno gani msomaji analifahamu, akaliweka mahali pa uamuzi. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, wanafunzi hawa walikuwa wadogo mno kukumbuka dunia ya kumkabidhi kondakta bahasha ya hela aifikishe Bunda.

Baada ya hapo tunakwenda mwaloni Kirumba, asubuhi, dagaa na sangara wakiwa bado wanashushwa. Masharti ni matatu: salimia, omba ruhusa, na mtu akifika kwenye namba ya siri geuka utazame ziwa. Wanatakiwa kutazama watu wakitumia simu, basi. Wasisaidie, wasielekeze. Kwa vijana wa TEHAMA hili la kutosaidia ni adhabu. Mtu anakosea mbele yao, na mikono inawawasha.

Safari moja walimkuta mama muuza dagaa, kitochi kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili betri isidondoke, kioo kimechubuka mpaka herufi hazisomeki vizuri. Alituma hela huku akibishana na mchukuzi, macho hayako kwenye simu hata kidogo. Binti mmoja akamwendea.

"Shikamoo mama. Mbona husomi?"

"Marahaba. Nisome nini mwanangu? Moja, moja, namba, hela, kwisha."

"Na wakibadilisha?"

"Wakibadilisha naenda kwa wakala, anikate changu."

Binti yule aliandika jibu hilo neno kwa neno, na likawa somo letu la wiki nzima. Vijana wa kompyuta wanapenda kupangua. Wanaona kitu kimekaa sehemu moja mwaka mzima wanadhani kimechakaa, wanakihamisha ili kionekane kipya. Mama yule hasomi menyu, anaitembea. Ukiinua kipengele cha tatu ukakiweka cha kwanza, kwako ni usafi wa muundo, kwake ni makato ya wakala. Sisemi menyu zisibadilike kamwe. Nasema anayebadilisha ajue nani atalipa, na mara nyingi halipi mwenye ofisi.

Jakob Nielsen, mtafiti ambaye huwezi kufundisha violesura ukamkwepa, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiujaribu muundo wako kwa watu watano tu utayaona kama asilimia 85 ya matatizo yake. Wanafunzi wanaipenda sana namba hiyo, maana watano ni wachache. Nami nawawekea sharti dogo: hao watano asiwemo hata mmoja anayelala hosteli.

Kuhusu kompyuta zenyewe sichukui muda mrefu, ingawa mtaala unataka niuchukue. Nawasimulia Douglas Engelbart, aliyevumbua kipanya, na onyesho lake la Desemba 1968. Nawasimulia kompyuta za Xerox Star ya 1981 na Macintosh ya 1984, na jinsi watu wale walivyoamua kwamba skrini iwe meza ya ofisi, yenye makabrasha na pipa la taka. Wanafunzi wangu hawakupita huko. Wamefika chuoni wakiwa wameishi ndani ya simu, na siku ya kwanza maabara kuna mtu lazima aguse kioo cha kompyuta kwa kidole akisubiri kisogee. Faili wanaelewa ni nini, ila halina mahali. Kazi ya nyumbani inaandikwa ndani ya WhatsApp, kwenye kundi lenye mwanachama mmoja ambaye ni mwenyewe, inakopiwa, inatumwa steshenari, inaprintiwa. Ukimuuliza imehifadhiwa wapi anajibu kwa uaminifu kabisa: "Kwa yule kaka wa steshenari." Simlaumu. Meza ya ofisi iliwasaidia watu waliokwisha kukalia meza ya ofisi, na hawa wengi wao kwao kazi ni duka, shamba na mtumbwi.

Ugonjwa wa wanafunzi wa habari ni mwingine. Wamekuzwa na sentensi moja ya kufungulia ambayo haijawahi kustaafu: "Wananchi wa kata fulani, wilayani fulani, mkoani Mwanza wametakiwa kutunza miundombinu ya maji kwa manufaa yao na ya vizazi vijavyo." Wametakiwa na nani? Subiri. "Wito huo umetolewa jana na Mheshimiwa…", kisha cheo, jina, cheo cha aliyemwakilisha, jina la hafla, jina la ukumbi. Habari yenyewe iko aya ya tano, kama umefika.

Nimetunga taarifa moja ya namna hiyo, ya uongo mtupu lakini inafanana na kweli mpaka mtu anaweza kuibandika ukutani. Ndani yake kuna jambo moja lenye faida kwa mwenye nyumba: maji yatakatika siku mbili, kuanzia Jumatatu. Nawauliza wahesabu ni mara ngapi kidole gumba kinasukuma skrini kabla ya kufika kwenye neno "Jumatatu". Kisha waiandike upya ili Jumatatu ionekane kidole kikiwa bado kimelala. Wanafikiri ni rahisi mpaka wajaribu. Mmoja alihamisha Jumatatu juu, akaona sentensi inaning'inia peke yake, akairudishia "wametakiwa" ili apate usingizi.

Pingamizi huja kila muhula na ni la haki: "Mwalimu, nikimshusha Mheshimiwa chini, nitaitwa ofisini." Sicheki. Nusu ya darasa hili wataajiriwa kutunza kurasa za taasisi, na kwenye taasisi zetu picha ya kiongozi ndiyo bendera ya tovuti. Ninachowaambia ni kwamba wabishane kwa vitu vidogo. Picha ibaki, ila tarehe ikae juu yake. Salamu za mkuu zipewe ukurasa wake, mzuri, wenye picha kubwa kuliko zote, na kiungo kiandikwe jina lake kamili. Wengi wa wakuu hawana ugomvi na Jumatatu. Wana ugomvi na kutoonekana.

Nielsen huyohuyo aliripoti mwaka 1997 kwamba katika watu aliowachunguza, asilimia 79 walipitia ukurasa juujuu na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Nawapa wanafunzi namba hizo, kisha nawaomba wasizimeze nzima. Wale walikaa mbele ya kompyuta kubwa, zama nyingine. Halafu kuna jambo la salamu. Kwa kipimo chake, sentensi ya "Habari za siku nyingi, natumaini mko salama" ni takataka, ifutwe. Kwenye tangazo la maji nakubali, ifutwe. Kwenye blogu ya mtu nakataa. Msomaji wetu akiingia kwa mtu anataka kukaribishwa, na blogu isiyosalimia inamfanya ajiulize mwenye nyumba ana nini leo. Nimewahi kumrudishia mwanafunzi salamu yake aliyoikata kwa kumwogopa Nielsen.

Uzito wa kurasa nautaja haraka kwa sababu hesabu yake inajisemea. Maneno elfu moja ya Kiswahili ni kama kilobaiti saba. Picha moja iliyotoka kwenye simu ya siku hizi bila kupunguzwa inaweza kufika megabaiti tatu na nusu. Picha hiyo moja, mara nyingi ya meza kuu yenye chupa za maji, ina uzito wa makala 500. Na anayelipia si mwandishi, ni yule wa bando la mia tano. Kwa hiyo kurasa zetu zote zina kikomo cha kilobaiti 100, picha ndani yake. Wanalalamika wiki mbili. Baadaye wanaanza kushindana nani ana ukurasa mwepesi, na mashindano hayo yamezaa mambo mengi mazuri, likiwemo la kijana aliyegundua kwamba habari yake haikuhitaji picha kabisa.

Jambo lililobadilisha darasa kuliko mtaala wowote lililetwa na mwanafunzi asiyeona. Kwenye kompyuta moja ya maabara tumeweka NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Aliomba asomewe kurasa za wenzake mbele ya darasa, spika ikiwa juu, kisha aseme anachokiona. Hilo neno "anachokiona" alilitumia mwenyewe.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa binti aliyeandika habari za wakaushaji wa dagaa Kayenze. Makala nzuri, imetulia. Kompyuta ikafungua mdomo na kutoka sauti ya Kiingereza inayojaribu kusoma "wanaanika dagaa alfajiri". Ilikuwa vurugu. Neno "alfajiri" lilitoka kama jina la dawa ya malaria. Darasa zima likaanguka kicheko, yule mwanafunzi asiyeona akangoja watulie, akauliza: "Huyu mama wa Kizungu kaletwa na nani?"

Tukafungua msimbo, maandishi ya ndani yanayojenga ukurasa. Binti alitumia kiolezo cha kupakua, na mstari wa juu kabisa ulikuwa umeandikwa lang="en". Yaani ukurasa wenyewe ulikuwa unatangaza kwamba umeandikwa kwa Kiingereza, na programu ikatii kama askari. Tukafuta en, tukaweka sw. Sauti ikageuka. Ni Kiswahili cha roboti, kinakwaruza, lakini ni Kiswahili, na "dagaa" akawa dagaa. Herufi mbili. Tangu siku hiyo nikimwona mtu anafungua tovuti mpya ya Kiswahili huwa natazama mstari ule kwanza, na nawaambieni, jaribuni kwenye tovuti mnazozisoma kila siku.

Yule asiyeona hakuishia hapo. Kibonyezo kimoja kinamrusha kutoka kiungo hadi kiungo bila kusoma yaliyo katikati, kama sisi tunavyoyapitia juujuu kwa macho. Akaruka: "Bofya hapa. Bofya hapa. Soma zaidi. Bofya hapa." Akamgeukia binti. "Wapi?" Hakuna konda anayesimama Buzuruga akaita "twende, twende" bila kutaja Igoma wala Kisesa, angerudi na gari tupu. Kisha zikaja picha, ambazo zilikuwa zimefungwa kama viungo na hazikupewa maelezo. Programu ikasoma majina ya mafaili, I, M, G, kistari, tarakimu ya mwaka, mwezi, siku, WA, sifuri sifuri moja saba. Tuliisikiliza mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka tena.

Maelezo mapya ya picha ile yaliandikwa na darasa zima kwa kupigizana kelele: "Mwanamke anageuza dagaa kwenye chanja, ziwa liko nyuma yake." Wengine walitaka waongeze "shupavu". Yule mwanafunzi akasema ushupavu atauona mwenyewe kwenye kazi, wamwambie tu mkono unafanya nini. Sijawahi kutoa somo la uandishi lililozidi hapo.

Sasa niseme la saa, maana ndilo lililotugawa. Mradi mkubwa wa muhula ni ukurasa wa usafiri wa ziwani: boti gani, inaondoka lini, mizigo inalipiwaje. Maneno matupu, kilobaiti chache, abiria aufungue akiwa kwenye foleni. Ubishi ukazuka kwenye safu ya muda. Wa TEHAMA waliandika 08:00 na 14:00, kwa sababu zinapangika vizuri na kompyuta inazielewa. Wa habari wakaandika saa 2 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Ukibadilisha lugha ya simu kuwa Kiswahili, saa bado inakuandikia 14:00. Hesabu ya jua ya watu wetu, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, haimo.

Kijana mmoja wa Ukerewe akasimama. Akasema 14:00 haina hatari, kwa sababu hakuna mtu anayeijua saa kumi na nne, kila mmoja anajua hiyo ni lugha ya ofisi na atauliza. Hatari ni 08:00. Bibi yake anasoma namba vizuri. Akiona 8 anasoma saa nane. Atafika bandarini saa nane kasorobo mchana, na kapu lake, na boti ilishaondoka asubuhi. Darasa likanyamaza, maana kila mtu alikuwa anahesabu saa sita za tofauti kichwani.

Kwenye kanzidata, ghala la data la ukurasa, imebaki 08:00, ili mashine ipange inavyotaka. Kwenye skrini tukaandika "Saa 2 asubuhi" kwa herufi kubwa, na 08:00 chini yake kwa herufi ndogo, kwa ajili ya mgeni. Wa TEHAMA walisononeka kwamba inachukua mistari miwili. Kitu ambacho bado hakijaamuliwa ni alfajiri, kwani saa 11 alfajiri wengine wanaihesabu kuwa ni ya jana usiku, na boti ya saa 11 ina tarehe mbili kutegemea umemuuliza nani. Tumeandika jina la siku kwa sasa, na mabishano yanaendelea kwenye korido.

Historia ya blogu nayo tunaipitia, kwa haraka kuliko ninavyopenda. Jorn Barger aliyelibuni neno weblog, shajara ya wavuti, mwaka 1997, kisha majukwaa ya kublogu, Blogger mwaka 1999 na WordPress mwaka 2003. Kwetu, Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, na ni yeye aliyemsaidia mpiga picha Issa Michuzi kufungua blogu wakiwa mkutanoni Helsinki mwaka 2005. Wanafunzi wanashangaa kusikia kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mtanzania aliyeko ng'ambo aliamka na kufungua blogu ya picha ili ajue nani kafariki na nani kaoa. Sasa hivi kazi hiyo inafanywa na makundi ya ukoo.

Kisha tunafika 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo ziliwataka wenye blogu wawe na leseni, na gharama zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili. Wapo waliolipa na wapo waliofunga duka kimya kimya. Kanuni zilitungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, lakini mazoea yalikwisha kuvunjika. Nawaonyesha tarehe nyingine kando yake: tarehe 30 Aprili 1993, CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ambako Tim Berners-Lee aliibuni wavuti, ilitangaza kwamba programu zake ni za wote, bila malipo wala idhini. Leseni yetu ilikuja miaka 25 baadaye. Sitoi hotuba juu ya hilo. Nawataka wazisome kanuni zenyewe, wajue sharti linamgusa nani, maana uvumi unaogopesha kuliko maandishi.

Na ndiyo, wanatumia akili bandia. Sihangaiki sana kuwakamata. Insha ikianza na "Mwanza, jiji la miamba, lulu ya Ziwa Victoria" na ikaisha bila bei ya kitu chochote, nairudisha, awe ameiandika yeye, mashine, au mjomba wake. Nataka nijue kisado cha dagaa kilikuwa shilingi ngapi asubuhi ile na muuzaji alisema nini alipoombwa apunguze. Mashine haikuwepo mwaloni. Na baadhi ya wanafunzi hawakuwepo pia, hao ndio wanaokwenda sapu.

Muhula ujao nataka kuongeza kitu ambacho idara haijakizoea. Pale Kirumba, wanafunzi waliniletea daftari zao, na kwenye nyingi kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwatuma walitafute: watu wenye simu janja hawaandiki kabisa. Mvuvi anamtumia tajiri yake sauti. Tajiri anajibu kwa sauti. Bei, hali ya hewa, nyavu zilizokatika, yote ni sauti, nyingine ndefu za dakika tatu zinazoanza na salamu za watoto wote, huku bei ikiwa imejificha mwishoni palepale alipojificha Jumatatu wetu. Kuna uandishi pale, na kuna kiolesura, ingawa hakuna herufi. Nimemwomba mkuu wa idara wiki mbili za ujumbe wa sauti. Akaniuliza swali la kikazi: utasahihishaje? Nipo naandika mwongozo wa alama. Mpaka sasa una safu mbili: msikilizaji amejua linahusu nini ndani ya sekunde kumi, na anaweza kuirudia bei bila kuusikiliza ujumbe upya. Safu ya tatu ni ya salamu, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu sijaamua kama nitatoa alama kwa kuwemo kwake au kwa urefu wake.